Orpha Tveit na Jiwe la Lucinda

Orpha Tveit hakumwamini mtu aliyefika kwake akitabasamu. Kwa maoni yake tabasamu ni kitu cha kuagia. Anayekuja nalo tangu getini ana lake jambo. Hakuwaamini pia wanaokuja wamenuna, maana hao wameshaambiwa mjini kwamba yeye hapendi tabasamu.

Aliishi peke yake nje ya mji wa Bascom, Kaunti ya Corrigan, jimbo la Wyoming, kwenye ranchi aliyoachiwa na mumewe Einar, ambaye aliachiwa na baba yake Halvor, ambaye aliipata kwa njia ambazo kwetu haziulizwi. Huku kwetu familia iliyofika kabla ya reli ni ya kale, na iliyofika baada ya reli ni ya wageni wanaovumiliwa. Washoshoni, waliokuwa hapa kabla ya hao wote, hawamo katika hesabu hiyo, nadhani kwa sababu wangeivuruga.

Tunaishi kwa ng'ombe na kwa watu wanaokuja kutazama mahali ambapo mambo yalitokea zamani. Kila kiangazi wanakuja na magari yenye baiskeli mgongoni, wakitafuta milima, alama za magari ya maksai yaliyopita hapa kwenda magharibi, na choo. Milima ni ya serikali. Choo kiko kituo cha mafuta, ukinunua kitu. Alama za magurudumu zilizo nzuri kuliko zote katika kaunti zilikuwa kwa Orpha, katika bonde lake la nyasi: mitaro miwili iliyoota majani, ikilikata bonde lote mpaka kwenye kivuko cha mto. Na kando ya mitaro hiyo, ndani ya uzio wa chuma, lilikuwapo jiwe.

LUCINDA, lilisema. MIAKA SITA. 1852.

Jiwe hilo ndilo picha ya kwanza katika kipeperushi cha kaunti. Wanawake wa miji mikubwa wamelia mbele yake, na waume zao wamejifanya wanarekebisha kamera. Orpha aliwaacha walie. Yeye mwenyewe hakuwahi kudondosha chozi pale, na sababu yake ilikuwa nzuri: alijua kwamba chini ya lile jiwe hakuna mtu.

Halvor ndiye aliyelichonga. Miaka ile kabla ya vita vikuu vya pili, wapimaji wa barabara kuu walipigilia vigingi vyao katikati ya bonde, na wiki ile ile Halvor akagundua kaburi. Habari ya mtoto aliyefia njiani karibu na kivuko ilikuwa ya kweli na ya zamani. Kila mtu aliisikia kwa bibi yake. Kilichokuwa kipya ni kwamba mtoto huyo alilala hasa pale penye kigingi. Barabara ikapindishwa, ikapita Bascom, ambako wakati huo kulikuwa na kisima na mbwa. Leo moteli, mkahawa, kituo cha mafuta na duka langu la chakula cha mifugo vyote vimejipanga kwenye ule mpindo. Kwa hiyo watu wa Bascom hatukuwahi kulitilia shaka lile jiwe. Katika kaunti nzima ndicho kitu pekee ambacho hatukukitilia shaka.

Orpha alipoolewa pale, akiwa msichana wa macho makali, aliona patasi ghalani na akauliza. Halvor alikuwa akila. "Mtoto yumo bondeni," alisema. "Kama ni hapa au ni pale, hilo ni swali la watu wasio na kazi. Nipe viazi."

Tangu siku hiyo Orpha akawa mlinzi wa kaburi lisilo na mtu, na sidhani kama kuna mlinzi wa kaburi lenye mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa bidii kama yake. Ufunguo wa uzio aliuweka mfukoni mwa aproni. Aliyeutaka ilimpasa kwanza aketi jikoni, anywe kahawa nyepesi kama mvuke, ale kipande cha pai ya matunda ya mwituni, na ahojiwe. Kwetu ng'ombe hauzwi mpaka mkaguzi wa serikali aje amtazame ubavuni alama ya mwenyewe. Orpha aliona si haki kwamba ng'ombe akaguliwe na mtu apite hivi hivi.

Ukaguzi wenyewe ulianza kabla ya pai. Kutoka barabara kuu hadi kwake kulikuwa na mageti mawili. La kwanza lilikuwa limefungwa kwa mnyororo, la pili aliliacha wazi ili ng'ombe waufikie mto. Kila mtu aliyekulia huku anajua: geti unaliacha kama ulivyolikuta. Mgeni wa mjini hajui. Mgeni wa mjini amesoma mahali fulani kwamba mashambani watu hufunga mageti, basi anafunga yote, anajiona mstaarabu, na ng'ombe wanabaki na kiu wakiutazama mto. Orpha alisimama dirishani na darubini. Waliofunga mageti yote aliwatukana, kisha akawaruhusu: hao ni watalii, hawana madhara. Walioyaacha kama walivyoyakuta ndio waliomtia wasiwasi. Mtu anayejua mageti anatoka kwenye ng'ombe. Mtu anayetoka kwenye ng'ombe anafuata nini kaburini, siku ya kukata nyasi?

Mantiki hiyo ilimfaa miaka mingi. Ikaja kumwangusha mwaka wa laini ya umeme.

Kampuni moja ilitaka kuvusha umeme wa upepo kwenda pwani ya magharibi, na mstari uliochorwa ramanini ulipita kwa Orpha, bondeni, nguzo za chuma baada ya nguzo za chuma. Wangemlipa. Lakini malipo ni ya mara moja na theluji ni ya kila mwaka. Nyasi za bonde lile ndizo zilizowavusha ng'ombe wake kipindi cha baridi. Bonde likiondoka ng'ombe wanaondoka, na ng'ombe wakiondoka Orpha angebaki mwanamke mzee mwenye darubini. Kinga yake ilikuwa moja. Kanuni za kaunti yetu zinakataza kuchimba palipo na kaburi au kupitisha juu yake mashine za ujenzi. Jiwe lilisimama katikati ya mstari, kama lilivyosimama wakati wa Halvor. Makamishna wa kaunti walipanga kikao cha kusikiliza wananchi baada ya kiangazi.

"Watatuma mtu," Orpha aliniambia dukani, akilipia chumvi ya ng'ombe kabla ya kuipakia kwenye pikapu yake. "Hawawezi kupita mpaka waseme kaburi ni tupu. Watamtuma mtu aje alinuse."

"Utamjua vipi?"

"Nitamjua. Atakuja na adabu."

Lyle Brandvold, jirani yake, alikuwa ameegemea kaunta kama kawaida yake. "Orpha, mimi nina adabu na hujawahi kunishuku."

"Wewe? Wewe nakushuku tangu shule ya msingi. Na ile nyundo yangu iko wapi?"

Kiangazi kile wakaja wengi. Alimfukuza profesa kwa sababu viatu vyake vilikuwa na matope makavu, na mvua haikuwa imenyesha. Alimfukuza mchungaji aliyeomba kuusindikiza mlo wake kwa sala. Orpha alifungua jicho katikati ya sala na akamkuta mchungaji naye amefungua lake, anatazama bondeni. Alimfukuza hata mwanamke aliyelia mapema mno.

Mmoja aliyepita bila shida alikuwa kijana mmoja aliyejiita Corwin. Alikuja na kaptula, kandambili, na kofia yenye picha ya samaki. Alifunga geti la kwanza. Alifunga la pili. Kisha, kwa kuhakikisha, akarudi kulitikisa. Orpha alicheka peke yake dirishani, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Kijana akatoa nyuma ya gari kigari cha mtoto, kile cha magurudumu matatu cha watu wanaokimbia kwa afya, kimefunikwa shuka nyeupe.

"Mtoto?" Orpha alimuuliza mlangoni.

"Amelala, bibi. Amesumbua njia nzima. Tafadhali, mbwa..."

Orpha aliwafungia mbwa ghalani. Hilo alitusimulia mwenyewe baadaye, na jambo la mbwa ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Umefunga geti la ng'ombe wangu, wewe mjinga," alimwambia huku akimkatia pai. "Mama yako hakukufundisha kitu?"

"Mama ana paka tu, bibi."

"Inaonekana. Kula. Umekonda kama waya. Mkeo yuko wapi?"

"Kazini. Mimi ndiye nabaki na mtoto."

"Dunia imeisha," Orpha alisema, lakini bila chuki, akamkatia kipande cha pili na kumpa ufunguo. Kutoka dirishani alimwona akikisukuma kigari polepole ndani ya uzio, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayembembeleza mtoto. Aliona ni baba mwema. Hakuomba hata kidogo amtazame mtoto, kwa kuwa hakupenda watoto wa watu waliolala waamshwe.

Wiki mbili tatu baadaye ndipo alipokuja Nadine Hockaday.

Alikuja na lori dogo la zamani lenye namba za Nebraska, matope upande mmoja. Mwanamke wa miaka sitini na ushee, mabega mapana, nywele kama alizikata mwenyewe gizani. Alifungua geti la kwanza, akapita, akalifunga, na mnyororo akauzungusha vile vile ulivyokuwa umezungushwa, mara moja juu na mara moja chini. Geti la pili, lililo wazi, akalipita bila hata kuligusa. Orpha aliiteremsha darubini na kwenda kuifunika pai.

"Jina?"

"Nadine Hockaday. Na wewe ndiye Orpha. Wameniambia hapo mjini nikae mbali na mbwa na mbali na wewe."

"Nani kakuambia?"

"Wote."

Akakaribishwa jikoni. Kahawa alipewa. Pai hakupewa.

"Lucinda ni wetu," Nadine alisema. "Alikuwa dada wa babu wa babu yangu."

"Kila kiangazi napata ndugu wa Lucinda. Wazazi wake sijui walikuwa sungura."

"Walizaa tisa."

"Katika hao tisa, nimeshawapa kahawa kama mia moja. Unafanya kazi gani?"

"Ng'ombe wa maziwa."

"Mwenye ng'ombe wa maziwa hasafiri."

"Ndiyo maana nimekuja sasa tu, na nina miaka sitini na minne."

Lilikuwa jibu zuri, na kwa Orpha jibu zuri lilikuwa ushahidi. Nadine akasimama, akaenda dirishani na kikombe chake, akalitazama bonde. Alilitazama muda mrefu, macho yakifuata ile mitaro miwili hadi mtoni. Kisha akauliza, "Hapo kwenye uzio ndipo wanaposema amelala?"

"Ndipo alipolala."

"Hm," alisema Nadine.

Kulikuwa na maneno mengi ya kijanja ambayo Orpha alikuwa amejiandaa nayo. Kwa "hm" hakuwa amejiandaa. Alichukua kikombe kutoka mkononi mwa mgeni, kahawa ikiwa nusu.

"Leo hakuna kuingia."

"Nimetoka Nebraska, dada."

"Nebraska bado ipo. Utaikuta."

Nadine hakubisha. Alichukua kofia yake. Mlangoni akasema, bila ubaya, "Nilidhani ni mimi tu ndiye mkorofi katika nchi hii ya ng'ombe." Kisha akaondoka, na mageti akayaacha, Mungu ni shahidi, kila moja kama alivyolikuta.

Simu yangu ililia kabla hajafika barabara kuu. "Amekuja," alisema Orpha. "Mtu wao. Mwanamke. Mtazameni."

Tukamtazama. Mji wetu una ujuzi mdogo wa mambo mengi, lakini kumtazama mtu tunajua. Nadine alichukua chumba moteli, akasema atabaki mpaka siku ya kikao, na maneno hayo yalikuwa yamefika kanisani kabla ya yeye kufika chumbani. Mkahawani aliletewa mayai baridi. Kituo cha mafuta waligundua ghafla kwamba pampu ya upande wake ni mbovu. Dukani kwangu alinunua soksi.

"Soksi?" Orpha aliuliza kwenye simu. "Za nini?"

"Nadhani ni za miguuni."

"Usinichekeshe. Mtu ananunua soksi kama anategemea kutembea. Anataka kutembea wapi?"

Lyle alijitolea kulifuata lori la Nadine kwa siku nzima na akarudi amechoka. Alisema yule mama alikaa juu ya kilima cha kaunti, kule ambako mtu yeyote anaruhusiwa kukaa, akalitazama bonde la Orpha, akala mkate, akalala kidogo kofia usoni, kisha akaamka na kulitazama tena. "Sijawahi kuona mtu mwovu hivyo," alisema Lyle. "Hata redio hakufungua."

Kikao kilifanyika ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule, chini ya bendera za ushindi wa zamani sana. Tulijaa. Meza ya makamishna ilikuwa chini ya goli moja na meza ya kampuni chini ya goli jingine, kana kwamba tungerusha mpira. Mwenyekiti alikuwa Burdette Kessler, mwenye moteli, mtu ambaye paa lake, vitanda vyake na meno yake ya bandia vyote vilitokana na ule mpindo wa barabara. Nadine alikaa nyuma kabisa, na viti vya kulia na kushoto kwake vilibaki vitupu, ingawa watu walisimama. Orpha alikaa mbele, na muda wote aligeuza shingo kumtazama Nadine nyuma.

Kwa hiyo hakumwona aliyeinuka mezani kwa kampuni mpaka alipoanza kusema. Alikuwa kijana mwembamba, suti ya buluu, tai. Ilibidi nimtazame mara mbili, kwa maana hakuwa na kofia ya samaki.

Corwin alizungumza vizuri, kwa sauti ya mtu anayejutia kidogo anachokisema. Alionyesha ukutani picha ambazo mashine inazipiga chini ya ardhi inaposukumwa juu yake. Mashine yenyewe, alisema, ina magurudumu matatu. Hapo ukumbi mzima ukaelewa kwa pamoja, na nyuso zote zikamgeukia Orpha, ambaye hakumgeukia mtu. Chini ya jiwe, alisema Corwin, udongo uko tabaka juu ya tabaka kama ulivyoumbwa. Hakuna aliyewahi kuchimba pale. Si mwaka 1852, si mwaka wowote.

"Uliingiaje?" Burdette aliuliza.

"Nilipewa ufunguo. Na pai." Akainamia karatasi zake. "Vipande viwili. Ilikuwa nzuri sana."

"Ulisema una mtoto!" Orpha alifoka kutoka kwenye kiti chake.

"Ninaye, bibi. Siku ile alikuwa kwa bibi yake mwenye paka."

Hakuna aliyecheka. Burdette alipangusa miwani yake kwa muda ambao miwani haikuuhitaji. Alijua, kama sisi sote tulivyojua, kwamba swali linalofuata lingemtoa Halvor kaburini, naye Halvor angetoka na barabara kuu mkononi, na moteli, na mkahawa, na duka langu. Lakini lilikuwa swali la lazima, na wakili wa kampuni alikuwa ameshafungua kinywa kumkumbusha.

"Orpha," alisema Burdette, kwa upole ambao sikujua kwamba anao. "Unajua nini kuhusu lile jiwe?"

Orpha alisimama. Alikuwa amevaa koti la Einar. Nilimwona akilitazama goli, kisha mikono yake. Nadhani angesema kweli, kwa kuwa alikuwa mkali, hakuwa mwongo. Uongo ulikuwa wa Halvor, yeye aliutunza tu kama alivyotunza uzio.

"Mwacheni," ilisema sauti kutoka nyuma. "Hilo jiwe mimi ndiye wa kuulizwa."

Nadine alikuwa amesimama kati ya viti vyake vitupu.

"Wewe nani?" aliuliza wakili.

"Ndugu wa marehemu. Na kijana anasema kweli, Lucinda hayupo chini ya jiwe. Nilipoliona dirishani nilijua. Kwetu hakuna aliyewahi kusema habari ya jiwe. Walimzika njiani."

"Njiani ndiyo huko huko, mama."

"Njiani, bwana. Ndani ya njia. Kati ya magurudumu." Alisema taratibu, kama mtu anayerudia kitu alichofundishwa kabla ya kujua kusoma. "Walichimba katikati ya barabara, wakamfukia, kisha wakapitisha msafara wote juu yake, magari na maksai, ili mbwa mwitu wasimpate wala mtu yeyote asimfukue. Mama yake alitembea nyuma, akitazama mpaka alama ya jembe ikafutika. Walichowaambia watoto wao ni hiki: kabla ya kuvuka, bondeni, ndani ya njia. Basi."

"Una uthibitisho wowote?" wakili aliuliza.

"Walimficha ili asionekane. Ningekuwa na uthibitisho, wangekuwa walifanya kazi mbaya."

Sasa watu wakacheka, na mmoja, nadhani ni Lyle, akakaa kwenye kiti kilichokuwa kitupu kando yake. Burdette aliinama mbele. Alikuwa ameuona mlango na hakutaka kuukimbilia.

"Kijana. Mashine yako inaweza kumpata mtoto ndani ya ile njia?"

Corwin alifikiri. Nimtendee haki, alifikiri kweli. "Ile njia imekandamizwa na maelfu ya magurudumu. Kila mahali panafanana. Hapana."

"Kwa hiyo unaweza kuapa kwamba hayumo?"

Wakili alimgusa mkono. Corwin alitazama chini. "Siwezi."

Njia inalikata bonde lote la Orpha, na hakuna namna ya kusimamisha nguzo bondeni bila mashine za ujenzi kuivuka. Jiwe moja liliweza kupimwa. Mtoto anayeweza kuwa popote hapimiki wala hazungukiki. Makamishna walinong'onezana kwa muda mfupi wa adabu, kisha wakaamua kwamba laini ifuate barabara kuu. Kuhusu nani aliweka jiwe, Burdette alisema ni jambo la kihistoria, na historia si kazi ya kikao kile.

Nje, kwenye maegesho, Orpha alimwendea Nadine. Tulisogea kusikia, tukijifanya tunatafuta magari yetu.

"Unataka nini?" alisema Orpha.

"Kuiona hiyo njia kwa karibu."

"Na baada ya hapo?"

"Nirudi kwangu. Nina ng'ombe wa kukamua."

"Nani anawakamua sasa?"

"Binti yangu."

"Unamwamini?"

"Hata kidogo."

Orpha alimtazama kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama binadamu. "Panda," alisema, akamfungulia mlango wa pikapu.

Sisi tulidhani mambo yameishia hapo, tukarudi kumshuku mtu mwingine. Lakini tamko la makamishna lilikwenda hadi mji mkuu wa jimbo, na kiangazi kilichofuata, nyasi zikiwa tayari kukatwa, akaja bwana mmoja wa idara ya mambo ya kale, mpole, mwenye vigingi na kamba ya rangi ya machungwa. Njia yote sasa ni kaburi, alieleza. Hakuna gari wala mashine itakayoivuka. Akaanza kupigilia. Orpha alilitazama bonde lake likigawanywa: nusu ya nyasi huku, nusu kule, na trekta upande mmoja. Alikuwa ameokoa bonde lote kutoka mikononi mwa kampuni, na sasa nusu yake ilikuwa inakwenda kwa kamba.

Kwa bahati, au kwa kile ambacho Orpha hakukiita bahati, Nadine alikuwa pale. Alikuja tena kusaidia kukata nyasi, akisema kwamba binti yake ameshajua ni ng'ombe wepi wanaoficha mguu wa teke. Mimi nilikuwa nimepeleka chumvi.

"Bwana," Orpha alimwambia mtu wa idara. "Unataka kulinda kaburi kama lilivyokuwa, siyo?"

"Ndiyo hasa, bibi."

"Hili lilifichwa kwa magurudumu. Wazazi wake walitaka lipitiwe. Limepitiwa na maksai, kisha na Halvor, kisha na Einar, kisha na mimi. Ukiweka kamba, kila mpita njia atajua pa kutazama. Miaka yote hii hajafukuliwa na mtu, halafu wewe unakuja kumchorea mpaka."

Mtu wa idara alishika kigingi chake bila kukipiga. "Taratibu zinasema familia iulizwe," alisema mwishowe.

"Familia ile pale, imekaa kwenye madigadi ya trekta. Iulize."

Nadine alikuwa anakunywa maji kwenye chupa. Aliifunga kwanza. "Familia ilishasema mwaka 1852," alijibu. "Pitisheni."

Bwana yule alifungua karatasi zake akatafuta kifungu kinachohusu kaburi linalotunzwa kwa kukanyagwa. Alitafuta kwa uaminifu, jua likimpiga utosini. Mwishoni akang'oa vigingi alivyokwisha kupigilia, akasema atauliza ofisini, na tangu hapo ofisi bado inauliza.

Orpha aliwasha trekta, akaliingiza njiani kwa gia ya chini kabisa, Nadine akiwa amejishikilia kando yake. Walikata upande wa pili wote, na siku chache baadaye, nyasi zilipokauka, wakazifunga robota na kurudi jioni na mzigo wa mwisho. Nilikuwa pale kuusaidia kuingia ghalani, ndipo nilipomsikia Orpha akizima injini na kuuliza, bila kugeuka:

"Hivi kweli wewe ni ndugu wa Lucinda?"

Nadine alijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Mwaka mzima, na unaniuliza leo?"

"Nilitaka nyasi ziingie kwanza," alisema Orpha.